KIBARUA WA KALAMU: MAISHA YA GEORGE ORWELL



Likizo iliyopita baba yangu aliniuliza nitafanya kazi gani nikimaliza masomo. Nikamjibu ya kuwa nataka kuwa mwandishi. Wala si mwandishi wa ofisi moja au wa gazeti moja, ila mtu akaaye kwake na kuandika, kisha akapeleka kazi yake kwa yeyote atakayeinunua. Baba hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu: mwisho wa mwezi utalipwa na nani? Nikakosa la kusema.

Niliporudi shuleni nilikwenda katika maktaba yetu kutafuta jibu, nikakutana na maisha ya Mwingereza mmoja ambaye wengi wetu tumesoma hadithi yake ya wanyama walioasi shambani. Mtu huyo ni George Orwell. Nataka kuwasimulieni habari zake, maana yeye naye aliulizwa swali lile lile, na ilimchukua miaka mingi kulijibu.

Utoto na shule

Jina lake hasa halikuwa George Orwell. Wazazi wake walimwita Eric Arthur Blair, naye alizaliwa tarehe 25 Juni, 1903, katika mji wa Motihari, Bara Hindi, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika idara iliyosimamia biashara ya afyuni. Mtoto alipopata umri wa mwaka mmoja hivi, mama yake alimchukua yeye na dada yake, wakaenda kukaa Uingereza, na baba akabaki kazini. Basi mtoto yule alikua bila baba, isipokuwa kwa likizo fupi, mpaka mwaka 1912 baba aliporudi na pensheni yake.

Watu wa nyumba ile hawakuwa maskini, lakini hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa heshima wenye fedha haba. Alipofika umri wa miaka minane, Eric alipelekwa shule ya bweni iliyo karibu na bahari, kusini ya Uingereza. Wenye shule walipokea nusu ya ada tu, kwa sababu walitumaini kuwa kijana mwenye akili kama yeye angeipatia shule sifa katika mitihani. Baadaye akajulishwa jambo hilo, na tangu hapo kila kosa lake lilikuwa kama deni. Alipokuwa mtu mzima aliandika insha ndefu juu ya miaka ile, yenye uchungu mwingi hata haikupigwa chapa ila baada ya kufa kwake. Wanafunzi wenzake wengine walisema alizidisha. Lakini yeyote miongoni mwetu aliyepata kuitwa mbele ya wenzake kwa ajili ya ada, ataisoma insha ile na kuinamisha kichwa.

Mwaka 1914, vita vilipoanza Ulaya, gazeti moja la mji wa kwao lilichapa shairi lake. Alikuwa na miaka 11. Kisha akashinda mtihani akaingia Eton mwaka 1917, shule yenye jina kubwa kabisa katika nchi ile, akasomeshwa kwa fedha za wafadhili wa shule. Huko hakujitahidi sana. Wenzake walipokwenda Oxford na Cambridge, yeye hakwenda.

Askari wa Burma

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 19, ndio umri nilio nao mimi leo, alipanda meli kwenda Burma kuwa ofisa wa polisi. Akakaa miaka mitano. Alikuwa na mshahara mzuri, watumishi, na mamlaka juu ya watu wenye umri wa baba yake. Mtu wa nje angesema kijana huyu amekwisha kufika. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kusimamia magereza, kupeleka watu mahakamani na kuona wakiadhibiwa, katika nchi ambayo wenyewe hawakuwataka Waingereza. Kila siku aliona zaidi ya kuwa yeye ni mkono wa jambo asiloliamini.

Kutokana na miaka hiyo zilitoka insha mbili ambazo watu hawajaacha kuzisoma. Moja, iliyotoka mwaka 1931, yaeleza mtu anayepelekwa kunyongwa. Njiani mtu yule anakwepa kidimbwi cha maji asije akalowana miguu, ingawa amebakiwa na dakika chache tu za kuishi. Na hapo ndipo msimulizi anapotambua ubaya wa kukata uhai wa mtu mzima asiye na ugonjwa. Ya pili, ya mwaka 1936, yasimulia habari za ndovu aliyepanda wazimu akaua mtu katika mji wa Moulmein. Ofisa kijana anakwenda na bunduki, na watu zaidi ya elfu wanamfuata nyuma. Akamkuta ndovu amekwisha kutulia, anakula nyasi. Hakuna haja tena ya kumwua. Lakini watu wote wale wanatazama, naye akaona kuwa akigeuka na kurudi watamcheka. Basi akampiga risasi, na ndovu akafa polepole sana.

Wako watafiti wanaobishana mpaka leo kama mambo haya yote yalimpata yeye mwenyewe jinsi alivyoyaandika. Mimi siwezi kuamua ugomvi wao. Nijualo ni hili: watu wengi wanapoandika habari za maisha yao hujipa nafasi ya shujaa. Yeye alijipa nafasi ya mtu mwoga aliyeua mnyama kwa kuogopa kicheko. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata katika uandishi wake: kuanza na aibu yake mwenyewe, na kwa aibu hiyo kuonyesha ubaya wa utawala mzima.

Mwaka 1927 alirudi Uingereza kwa likizo, akajiuzulu. Aliwaambia wazazi wake kuwa anataka kuwa mwandishi. Hebu fikirini habari hiyo ilivyopokelewa katika nyumba ya mzee aliyeitumikia serikali umri wake wote.

Sahani chafu za Paris

Akapanga chumba kidogo London. Wakati wa baridi kilikuwa hakina moto, hata ilimbidi apashe vidole vyake joto kwa mshumaa ndipo aweze kushika kalamu. Ruth Pitter, mshairi aliyemsaidia kukipata chumba hicho, alieleza baadaye kuwa kazi zake za kwanza zilikuwa mbaya hata walimcheka. Jambo hili limenipa moyo sana, kwa kuwa mwalimu wetu wa insha naye hucheka.

Mwaka 1928 akaenda Paris, kwa maana maisha ya huko yalikuwa rahisi. Aliandika hadithi nyingi. Hakuna aliyezitaka, naye akaziharibu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo gazeti moja la huko likachapa makala yake ya kwanza ya kulipwa, juu ya jinsi vitabu vinavyokatazwa Uingereza. Mwezi wa Machi, 1929, akaugua mapafu, akalazwa katika hospitali ya watu maskini; na kutokana na majuma yale akaandika, miaka mingi baadaye, insha juu ya namna maskini wanavyokufa. Baadaye akaibiwa karibu fedha zake zote. Akaweka nguo zake rehani, akashinda na njaa, mwishowe akapata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli kubwa, chini ya ardhi, penye joto na uchafu, kwa saa nyingi kila siku. Mtoto wa Eton akawa mwosha sahani.

Mwisho wa mwaka 1929 akarudi nyumbani kwa wazazi wake. Lakini hakukaa kitako. Mara kwa mara alivaa matambara, akaenda kulala pamoja na watu wasio na makao katika nyumba za serikali walimofungiwa usiku na kufukuzwa asubuhi. Akaenda pia kuchuma mazao mashambani huko Kent pamoja na vibarua. Alitaka kujua, kwa mwili wake mwenyewe, umaskini ni nini.

Habari hizi zote akazitia katika kitabu. Mpiga chapa wa kwanza akakikataa. Wa pili akakikataa, na aliyeandika barua ya kukataa alikuwa T. S. Eliot, mshairi mkubwa. Hapo Eric akakata tamaa. Akakiacha kitabu kwa rafiki yake, Bibi Mabel Fierz, akamwambia akitupe, ila vile vibanio vya karatasi avitunze. Bibi yule hakukitupa. Alikipeleka mwenyewe kwa wakala wa vitabu, akamsumbua mpaka akakisoma. Hatimaye Victor Gollancz akakubali kukitoa, na malipo ya kwanza yakawa pauni 40.

Kwa kuwa hakupenda kuwaaibisha wazazi wake kwa habari za njaa na matambara, aliomba kitabu kitoke kwa jina lingine. Akapeleka majina manne ili wachague. Moja lilikuwa George Orwell. Orwell ni mto katika sehemu ya nchi walikokaa wazazi wake. Kitabu kikatoka mwezi wa Januari, 1933, na tangu siku ile dunia ikamjua kwa jina la mto.

Mkate wa kila siku

Sasa, msomaji, usidhani ya kuwa baada ya kitabu kimoja alikaa akila matunda ya jasho lake. Pauni 40 hazikumweka mtu mwaka mzima. Alifundisha katika shule ndogo, mpaka mwisho wa mwaka 1933 mapafu yakamwangusha tena. Kisha, tangu 1934 mpaka 1936, alifanya kazi nusu siku katika duka la vitabu London, na saa zilizobaki akaandika. Alipooa mwaka 1936, yeye na mkewe Eileen walikaa katika kijiji cha Wallington, katika nyumba iliyokuwa duka. Wakauza peremende na vitu vidogo vidogo, wakafuga mbuzi na kuku. Duka liliwasaidia kulipa kodi ya nyumba. Kalamu ikajaribu kulipa mengine.

Kalamu ililipa hasa kwa kazi ya kusoma vitabu vipya vya watu wengine na kuandika magazetini kama vinafaa au havifai. Mwaka 1946 aliandika insha ya kuchekesha juu ya kazi hiyo. Alimweleza mtu aliyekaa katika chumba kichafu, amevaa nguo ya kulalia, karatasi zimejaa kila mahali, hundi imepotea katikati ya takataka, na mbele yake vitabu vitano asivyovipenda, naye yampasa kuvisifu kabla ya kesho adhuhuri. Ndugu zangu, hivyo ndivyo ilivyo kazi ya mtu huru. Hana bwana mmoja, lakini ana mabwana wengi wadogo wadogo.

Mapema mwaka 1936 alikuwa amekwenda kaskazini ya Uingereza, Wigan, Barnsley na Sheffield, kuona hali ya wachimba makaa ya mawe na watu wasio na kazi. Urefu wake ulipita futi sita, na ndani ya machimbo mwenye urefu huo hutembea ameinama maili nzima. Alitoka huko magoti yakimwuma siku nyingi. Kitabu chake cha safari ile kilitoka mwaka 1937, kikauzwa zaidi ya nakala 40,000 kwa njia ya chama cha wasomaji. Hapo kwa mara ya kwanza aliweza kupumua.

Kweli isiyouzika

Lakini kitabu kile kilipotoka, mwenyewe alikuwa Hispania. Alikwenda huko mwezi wa Desemba, 1936, kuandika makala juu ya vita, na alipofika akashika bunduki upande wa serikali dhidi ya Jenerali Franco. Tarehe 20 Mei, 1937, karibu na mji wa Huesca, risasi ilimpita shingoni, ikakosa kidogo tu mshipa mkubwa wa damu. Akapona, ila sauti ilimpotea kwa muda.

Jeraha lililomwuma zaidi lilikuwa jingine. Aliona kwa macho yake Wakomunisti wakiwasingizia wenzao wa kikosi chake kuwa ni wasaliti, wakawafunga, na wengine wakafa gerezani. Yeye na mkewe wakakimbilia Ufaransa. Aliporudi London akataka kuandika hayo aliyoyaona. Gazeti moja kubwa, ambalo lilikuwa upande wake katika mambo mengine, likakataa makala yake, kwa kuwa ingewafurahisha adui. Gollancz akakataa kitabu hata kabla hakijaandikwa. Kitabu kikatolewa na kampuni nyingine mwaka 1938. Nakala zilizopigwa chapa zilikuwa 1,500 tu, na mwandishi alipokufa, miaka 12 baadaye, zilikuwa bado hazijaisha kuuzwa. Siku hizi kitabu hicho huhesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu bora vya vita vile.

Nalitazama jambo hili mara nyingi. Angeandika yale ambayo rafiki zake walitaka kusoma, angelipwa upesi. Hakuwa na mshahara, na mke alikuwa nyumbani. Ni rahisi kusema kweli ukiwa na akiba benki.

Mwaka huo huo mapafu yake yakatoa damu, akalazwa miezi mingi. Mtu mmoja aliyetaka kufichwa jina lake alitoa pauni 300 ili mgonjwa akakae mahali penye jua. Basi yeye na mkewe wakaenda Moroko, wakakaa Marrakech tangu Septemba, 1938, mpaka Machi, 1939. Huko aliandika insha ambayo sisi wa bara hili yatupasa kuisoma. Alikiri kwamba wanawake wazee waliobeba mizigo ya kuni walipita kila siku karibu na nyumba yake, naye aliziona kuni, lakini majuma kadhaa yakapita kabla hajawaona wanawake wenyewe.

Sauti redioni, kalamu gazetini

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, jeshi lilimkataa kwa ajili ya mapafu yake. Tangu Agosti, 1941, mpaka Novemba, 1943, alikuwa mtumishi wa BBC, akitengeneza mazungumzo ya kutangazwa Bara Hindi. Hapo alipata mshahara wa kila mwezi, kama baba yangu atakavyo. Lakini baada ya miaka miwili aliona kuwa wasikilizaji ni wachache mno na kazi yake ni bure, akaomba kuondoka.

Akaingia katika gazeti la Tribune kusimamia kurasa za vitabu. Kwa kazi hiyo hakufaa sana. Waandishi maskini walimpelekea maandishi mabaya, naye, akikumbuka miaka yake mwenyewe ya kukataliwa, hakuweza kuyarudisha. Aliyasukuma ndani ya saraka mpaka ikajaa. Lakini katika gazeti lile alikuwa na nafasi yake ya kuandika lolote apendalo, na kwa muda wote makala hizo zilifika 80. Aliandika juu ya vita na siasa, na pia juu ya waridi alilolinunua kwa bei ndogo akalipanda miaka iliyopita. Mahali pengine aliandika juu ya chura anayetoka ardhini baridi inapokwisha. Katika gazeti la jioni la London, mwezi wa Januari, 1946, alitoa sheria 11 za kupika chai, na mojawapo ni kwamba chai isitiwe sukari. Kwa sheria hiyo peke yake asingekaa siku mbili katika bweni letu.

Mwaka huo alihesabu vitabu vyake na bei zake, ili ajue kama ni kweli kuwa kusoma ni anasa ya matajiri. Akaona kuwa kusoma kulimgharimu pauni 25 hivi kwa mwaka, na tumbaku karibu pauni 40. Hesabu hiyo ilichekesha wasomaji. Mimi haikunichekesha, kwa kuwa naujua ugonjwa uliomwua.

Mwaka huo huo pia ilitoka insha yake juu ya lugha na siasa. Shauri lake, kwa kifupi, ni hili: neno fupi likitosha usitumie refu, neno linaloweza kukatwa likate, maneno ya kigeni na mifano iliyochakaa uiache, maana wanaotaka kuficha ubaya hutafuta maneno makubwa ya kuufunika. Nilipokwisha kuisoma niliifungua insha yangu ya muhula uliopita, nikafuta methali nne.

Wanyama wa shambani

Tangu mwisho wa 1943 mpaka mapema 1944 aliandika hadithi fupi ya wanyama waliomfukuza mwenye shamba, kisha wakatawaliwa na nguruwe. Kila mtu alitambua kuwa ni habari za Urusi ya Stalin, na wakati ule Urusi ilikuwa rafiki wa Uingereza vitani. Gollancz akakataa. Mwingine, Jonathan Cape, akakubali, kisha akashauriwa na mtu wa serikali, akageuka. Mwezi wa Juni bomu likaangukia nyumba ya Orwell, naye akachimbua karatasi za hadithi katika kifusi, akazipeleka kwa T. S. Eliot zikiwa zimekunjamana. Eliot akakataa kwa mara ya pili katika maisha ya mtu yule yule. Hatimaye kampuni iliyotoa kile kitabu cha Hispania ikakubali, na hadithi ikatoka tarehe 17 Agosti, 1945.

Mkewe Eileen hakuiona siku hiyo. Mwaka uliotangulia walikuwa wamempanga mtoto mchanga, Richard. Mwezi wa Machi, 1945, Orwell alikuwa Ulaya akipeleka habari za vita kwa gazeti la Observer, na Eileen akaenda kupasuliwa. Aliandika barua kwa mumewe akiona haya kwa gharama ya hospitali, kana kwamba yeye hastahili fedha nyingi hivyo. Katika barua zake alimsihi aache kazi za magazeti London, wakakae shamba, aandike vitabu. Tarehe 29 Machi alifariki akiwa chini ya dawa ya usingizi, na barua yake ya mwisho ilikutwa haijamalizika. Miezi michache baadaye fedha zikaanza kuja, na kitabu kilipotoka Marekani mwaka 1946 kiliuzwa kwa mamia ya maelfu. Fedha zilizotafutwa miaka kumi na saba zilifika, na aliyezihesabu senti moja moja pamoja naye hayupo.

Wengi wetu twakijua kitabu hiki kwa lugha yetu, maana Fortunatus Kawegere alikitia katika Kiswahili, kikatolewa Nairobi mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama.

Kisiwa na mwisho wake

Baada ya msiba ule Orwell alifanya kazi kama mtu anayekimbia kitu. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi aliandika makala zaidi ya mia moja. Kisha, mwezi wa Mei, 1946, akafanya kama mkewe alivyomshauri. Akaenda kisiwa cha Jura, Scotland, katika nyumba ya peke yake isiyo na umeme, ambayo duka lake lilikuwa mbali zaidi ya maili 20. Huko alianza kitabu chake cha mwisho, cha nchi ambayo serikali humtazama mtu hata ndani ya nyumba yake.

Mwisho wa mwaka 1947 akalazwa kwa kifua kikuu. Dawa mpya ya streptomaisini ililetwa kutoka Marekani, lakini mwili wake haukuivumilia. Mwaka 1948 akarudi kisiwani. Hakupatikana mpiga taipu wa kumfuata huko, basi akaipiga hati nzima mwenyewe, mara nyingi akiwa kitandani, huku akikohoa. Ilipokwisha, hakuwa na nguvu tena. Kitabu kikatoka tarehe 8 Juni, 1949, naye yumo hospitalini.

Mwaka ule alifanya pia jambo ambalo wanaompenda huona haya kulitaja. Aliipa idara moja ya siri ya serikali orodha ya majina zaidi ya 30 ya waandishi na watu wengine aliowadhania kuwa upande wa Wakomunisti, ili wasipewe kazi ya kuandikia serikali. Wengine humtetea, wengine humlaumu. Mimi naitaja kwa kuwa mtu aliyejiandika mwenyewe bila kujificha hastahili kuandikwa na sisi kwa kumficha.

Mwezi wa Oktoba, 1949, alioa tena hospitalini, akamwoa Sonia Brownell. Tarehe 21 Januari, 1950, akafariki London, umri wake miaka 46. Alizikwa katika kijiji cha Sutton Courtenay. Juu ya jiwe lake limeandikwa jina Eric Arthur Blair na tarehe zake. Jina la mto halimo.

Jibu langu kwa baba

Basi mwandishi asiye na bwana hulipwa na nani mwisho wa mwezi? Nimejibu hivi katika barua niliyompelekea baba. Mwezi mwingine hulipwa na gazeti, mwingine na duka la peremende, mwingine na shule anakofundisha, mwingine na rafiki asiyetaka kutajwa, na mwingine halipwi. Mwaka 1946 Orwell aliulizwa swali kama lako, baba, akajibu kwa hesabu: mwandishi mwenye mke ahitaji pauni 10 kwa juma baada ya kodi. Kwa miaka mingi yeye mwenyewe hakuzipata. Na deni lililobaki lililipwa na mapafu yake, na na mkewe.

Kwa hiyo nimemwambia baba kuwa nitaomba nafasi ya kusomea ualimu, ili nipate chakula, na usiku nitaandika. Lakini nimemwomba jambo moja: siku nitakayoandika kweli isiyouzika, asiniulize bei yake.

Bado sijapata jibu. Wanafunzi wa zamani mlio na uzoefu wa kalamu, nitafurahi mkiniandikia kwa njia ya mhariri wa gazeti hili. Kwaherini.